Pale Ufa Ulipoanzia

Mkataba wa Mehrnoush ulikuwa unaisha Desemba, na viza yake ilitegemea mkataba huo. Alikuwa mtafiti, amemaliza uzamivu, katika maabara yetu ya vyuma hapa Wollongong, Australia. Mimi ni fundi wa mashine. Miezi mingi tulikitikisa kipande cha chuma cha daraja kwenye mashine mpaka, Jumatatu moja, kikakatika. Kama hadubini ingeonyesha kwamba ufa ulianzia ndani ya chuma, si juu, hoja yake ingesimama, na kampuni iliyotufadhili ingemwongezea miaka mitatu. Zamu yetu ya hadubini ilikuwa Alhamisi. Nilimwombea kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine.

Jumatano Profesa Graeme akaleta wageni wa kampuni.

"Huyu Noush ndiye anayetulisha," aliwaambia. "Kazi yangu mimi ni kunywa kahawa."

Wakacheka. Kila mwaka Graeme huwafundisha wanafunzi wapya kwamba chuma kikivunjika, pande zake mbili hazikutanishwi kamwe, maana zikisuguana zinafuta alama zote. Siku hiyo furaha ilimzidi. Alifungua kisanduku tulimohifadhi chuma chetu, akazishika zile pande mbili, akazibana pamoja.

"Tazameni. Utadhani hakijavunjika."

"Graeme," Mehrnoush alisema taratibu. "Ziweke chini."

Graeme aliitazama mikono yake. Wageni waliendelea kutabasamu.

Alhamisi hadubini ilionyesha kila kitu isipokuwa tulichokitafuta. Pale ufa ulipoanzia palikuwa pamesagika, laini kama sahani.

"Sikiliza, Noush," Graeme alisema. "Unajua ufa ulianzia ndani. Mimi pia najua. Andika hivyo, yaishe."

"Najua, lakini sijaona."

"Utarudishwa kwenu kwa sababu ya neno moja?"

"Basi waandikie wewe. Waambie ulizibana."

Graeme alivua miwani. "Wakijua hilo, wataifunga maabara nzima. Na huyu atakula wapi?" Akaninyooshea kidole.

"Usinifanye mimi kisingizio, bwana," nilisema. "Mimi riziki yangu anaijua Mungu."

"Haya, tumepata na mchungaji."

Hakuna aliyecheka. Mehrnoush aliandika kwamba mahali ufa ulipoanzia hapakuweza kuthibitishwa. Graeme alitia saini. Kuhusu mikono yake hakuongeza neno.

Kampuni ilijibu kwa adabu kwamba fedha zitaelekezwa kwingine. Mehrnoush aliomba kazi Melbourne, akaomba Perth. Kote nafasi zilikuwa zimejaa. Niliendelea kuomba. Sikuona mlango ukifunguka, na sitadanganya kwamba niliuona.

Siku ya mwisho ya Mehrnoush, Graeme alinunua keki, akaiweka kwenye chumba cha chai. Tulisimama kuizunguka, na hakuna aliyeshika kisu. Mwishowe Mehrnoush alikishika yeye, akakata, akampa Graeme kipande cha kwanza.

"Kula," alimwambia.

Graeme alikula akiwa amesimama, mpaka kikaisha, naye Mehrnoush akimtazama. Kisha Mehrnoush alichukua koti lake, akaenda kuwahi treni ya uwanja wa ndege.