Macho Makavu

Mimi sipendi kuzungushwa, na wewe sitakuzungusha. Nilikoma hedhi nikiwa na miaka hamsini na mbili, na baada ya hapo huko chini kukakauka. Kukaa kwenye cherehani ikawa adhabu, kukojoa moto mtupu, na mume wangu akinigusa bega tu nasingizia kichwa. Miaka minne kichwa kinauma, jamani. Mwisho mzee wa watu akahamia kwenye kochi bila hata kununa, na hilo ndilo lililoniliza.

Muuguzi wa zahanati, ambaye sare zake nashona mimi, akanipa krimu ya homoni, ya kupaka ndani ya uke kwa bomba dogo la plastiki. "Inafanya kazi palepale," alisema. "Ila ukiona damu, hata tone, njoo siku hiyohiyo. Aliyekoma hedhi hatakiwi kuona damu."

Mwezi wa pili mume wangu akarudi kitandani. Tulikuwa tunacheka hadi jirani anagonga ukuta.

Mwezi wa tano nikaona tone. Nilimwambia wifi yangu peke yake, naye akacheka mpaka akashika mbavu. "Usichana umerudi, wifi. Usije ukatuletea mimba." Nikacheka naye. Lakini nguo ya ndani niliifua kwa kujificha, kwa sababu nilijua damu ile si ya mzaha. Nikitaja damu, krimu itasimamishwa, na mzee atarudi kwenye kochi. Nikanyamaza. Tone likawa doa, doa likataka pedi. Nikajishonea sketi nyeusi, tatu.

Jana nilikwenda kuchukua dawa. Muuguzi alikuwa na kalamu mkononi na foleni mlangoni.

"Vipi mama, inasaidia?"

"Sana."

"Damu umeona?"

Nikamjibu kwa macho makavu, "Hata tone sijaona."

Akanitazama. Nikajua nimekamatika na, sijui nisemeje, nikafurahi. Nikasubiri aniambie nipande kitandani anipime.

"Wewe nakuamini," alisema. "Fundi gani mwingine hajawahi kunidanganya siku ya kuchukua nguo?"

Akaandika, akanipa tyubu mbili, akamwita anayefuata.

Nikarudi nyumbani kwa miguu, dawa ziko kwenye mkoba, na njia nzima nikimlaani muuguzi wa watu kwa sababu ameniamini.