Kundi la Pili

Asubuhi ile udongo wa tanuru la mkaa ulipasuka ubavuni, moshi ukawa unatoka pasipotakiwa, na Faraji akapanda juu kuuziba. Salama, mkewe, alikuwa chini akimmiminia uji Hussen, mchoma mkaa mwenzao. Hakuna aliyeshtuka. Kwao Kisarawe tanuru hufungwa kwa miguu: unapanda, unakanyaga ufa mpaka uzibe, unashuka. Faraji alifundishwa hivyo na baba yake.

Kilichokuwa kigeni kwenye tanuru hilo ni bomba la bati la kutolea moshi. Watafiti kutoka Kibaha ndio waliolileta, wakasema, "Litumieni mtakavyoona wenyewe," kisha wakanyamaza. Tanuru lenye bomba huungua katikati kwanza, juu likabaki ganda. Hamza, mpiga picha wa watafiti, alisimama kando na kamera yake, leso puani.

Ganda likabomoka. Faraji alizama mpaka kifuani. Hussen alimshika mkono akavuta, ngozi ikabaki kiganjani mwake. Walipomtoa alikuwa bado anaongea. Aliomba avuliwe viatu, na viatu havikuwepo tena. Hamza alikimbilia gari. Kamera aliiacha imesimama, inaendelea kurekodi.

Faraji alifia njiani. Alizikwa baada ya alasiri.

Salama akakaa eda. Hakuvuka ua wa nyumba yake, na ndiyo sababu alikuwa wa mwisho kujua. Aliyemletea habari ni jirani yake, Mwanakheri.

"Shoga, nimemwona Faraji."

"Umemwota?"

"Ningeota ningenyamaza. Ukumbini, Maili Moja, kule Kibaha. Watu wa mkaa tuliitwa semina. Yuko ukutani, mkubwa kama nyumba. Wanamrudisha nyuma, wanampandisha tena. Mimi nilitoka nje."

Eda ilipoisha, Salama alikwenda Kibaha. Alimkuta Dokta Stellamaris, mkuu wa utafiti, mlangoni pa ukumbi. Mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini. Alimshika Salama mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Kwa kweli tumempoteza sote."

"Ahsante. Nimekuja kuomba muifute ile picha."

"Ile tunaiita kioo, mama. Watu wakijitazama wakiwa kazini, hapo ndipo hugundua wabadilishe nini. Bila kioo hakuna utafiti."

"Nasikia wenzetu wa Mbwawa mliwaambia wasipande."

"Ndiyo. Wale ni kundi la kwanza. Walifundishwa."

"Na sisi?"

"Ninyi kundi la pili. Tulitaka kuona watu hujifunzaje wenyewe, pasipo mwalimu. Tungewaambia, tusingeona kitu."

Salama akamgeukia Hamza, aliyekuwa anafunga waya. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua, dada." Hamza hakuinua uso. "Ila ukiwa nyuma ya kamera hutakiwi kutoa neno. Ukitoa, data imeharibika."

"Mume wangu alikula kwako, ukala kwake."

"Ndiyo, dada."

"Basi ifuteni. Sitaki kingine."

Dokta alishusha pumzi. "Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote, na sisi humtoa hapo hapo. Lakini lazima aseme mwenyewe. Faraji alikubali kwa kinywa chake, tunayo sauti yake. Mtu mwingine hawezi kumtoa, hata mke."

"Faraji amekufa."

"Ndio ugumu wenyewe, mama. Njoo ukae. Kikao kinaanza, na mtazamo wako una thamani kubwa."

Hamza alitangaza kwamba kikao kinarekodiwa na kwamba aliyeingia amekubali. Taa zikazimwa. Salama alikaa kiti cha nyuma kabisa. Faraji akatokea ukutani na fulana yake ya bluu, akajikuna shingo, akapanda.

"Jamaa anapanda kama anaenda kulala!" akasema mtu wa mbele, na wenzake wakacheka. Hawakujua ni nani aliyeketi nyuma yao. Kicheko kikafa ganda lilipobomoka. Dokta akaisimamisha picha hapo hapo, Faraji nusu ndani, nusu nje.

"Kwa nini alipanda?"

"Mazoea," akajibu mmoja.

"Ubishi. Wazaramo tunajijua."

"Elimu ndogo."

Dokta aliandika yote ubaoni kwa kalamu nyekundu. "Vizuri sana. Nani mwingine?"

"Hakuambiwa," Salama akasema.

Vichwa vikageuka. Dokta alishika kalamu bila kuandika.

"Hilo halionekani kwenye picha, mama. Hapa tunajadili kile ambacho sote tunakiona."

Salama akasimama. Alisema tena, kisha akapiga kelele, na kanga ikamdondoka kichwani mbele ya wanaume wageni. Alimtaja mumewe kwa jina lake na la baba yake. Mwanamke mmoja aliinama kuiokota kanga. Hamza alimgeuzia Salama kamera taratibu, akamvuta karibu.

Utafiti umekamilika na umesifiwa. Kisarawe hakuna tena mchoma mkaa anayepanda juu ya tanuru lenye bomba. Kila kikundi kipya kinachoanza mafunzo humtazama kwanza Faraji, kisha Salama. Sauti ya Salama imeondolewa, kwa kuwa haihusiani na swali la utafiti.