Gitaa Kwenye Mizani ya Watoto

Shemeji yangu, mume wa dada, anaamini kwamba gitaa la umeme lisilokuvunja mgongo si gitaa, ni sanduku la viatu lenye nyuzi. Lake lilikuwa gogo. Ukilibeba kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, lazima uombe maji ya kunywa.

"Uzito ndio unaoshika sauti," alikuwa akituhubiria. "Gitaa zito ukigonga uzi, sauti inakaa. Jepesi, inatoroka kabla hujaisikia."

Miaka ishirini ya kusimama jukwaani na gogo lile ilimpa bega moja lililoshuka na kiuno kilichokataa kunyooka. Daktari akampa wiki tatu za kupumzika, akamwambia atafute gitaa jepesi au asimsumbue tena. Shemeji akaapa kwamba kama ni hivyo, anaacha muziki kabisa. Na yule mtu akiapa ameapa. Sigara aliacha siku aliyokosana na muuza duka, na hajaigusa tena mpaka leo.

Ndipo dada akaja karakanani kwangu na gitaa begani. Mimi ni seremala. Yeye ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na hapendi kubishiwa.

"Mdogo wangu, nimemwambia shemeji yako unakaza tu kitufe cha mkanda wa gitaa. Wewe lipunguze uzito."

"Nilipunguze vipi? Hili gitaa, dada, si suruali."

"Wewe si fundi? Huyu mtu akiacha muziki atashinda nyumbani. Wiki hii tu ameshapanga sufuria zangu upya mara mbili." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. "Jana nimemkuta kakaa kitandani, vidole vinapiga hewani. Nimeumia sana."

Nikalipokea. Alikuwa ameshalipima kazini kwake, kwenye mizani ya watoto wachanga: kilo tano na gramu mia mbili.

Nikakata ubao wa nyuma, nikachimba pembeni kwa patasi, nikaacha mti katikati pale nyuzi zinaposhikiliwa. Nikafunika kwa ubao mwembamba na kupaka rangi nyeusi ileile. Kila patasi ilipozama nilimwomba shemeji radhi kimoyomoyo. Dada akalirudisha kwenye mizani: kilo tatu na gramu mia saba. Kasoro ilibaki moja. Mwili ulipopungua, shingo ilizidi uzito, ukiliachia gitaa linainamisha kichwa. Nikaweka mkanda mpana wa ngozi, upande wa ndani wa kuparuza, ung'ang'anie bega.

Jumamosi mchana, wiki tatu zilipokwisha, tukaenda naye ukumbini mazoezini. Akalinyanyua gitaa. Mimi na dada tukabana pumzi.

"Mnaona faida ya kupumzika?" akasema. "Nguvu zimerudi mpaka nalisikia kama unyoya!"

"Zile dawa ni kali," dada akasema, bila haya.

Akapiga saa mbili nzima, kiuno kimenyooka. Sauti ilikuwa imebadilika, imefunguka, ina hewa ndani yake. Kweli ilikatika mapema kidogo, lakini badala ya kuingojea, yeye akawa anajaza nafasi kwa vidole, na mpiga dramu akaanza kutabasamu peke yake. Sijawahi kumsikia shemeji akipiga vile, na nilifurahi hadi nikasahau kuogopa.

"Shingo inanizamia kidogo," alilalamika mara moja.

"Ni bega limepona, limepanda," dada akamjibu.

Mwisho akatugeukia, jasho linamtiririka. "Mmesikia? Huo ndio uzito! Nipeni sanduku la viatu litoe sauti ile!"

Nikainamia kamba za viatu vyangu, ambazo hazikuwa zimefunguka.

Akafungua mfuko wa pembeni wa begi la gitaa. Ndani kulikuwa na kadi ya kliniki. Dada, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, hawezi kupima kitu bila kukijazia kadi. Shemeji akaisoma kwa sauti, polepole.

"Jina la mtoto: Gitaa. Uzito wa kwanza: tano nukta mbili. Uzito wa leo: tatu nukta saba. Maoni ya muuguzi: anaendelea vizuri. Baba asiambiwe."

Mpiga dramu alitoka nje taratibu. Shemeji akalishika gitaa kwa mkono mmoja, akalipandisha, akalishusha. Dada akaanza kulia kabla hajaulizwa.

"Nilitaka upige tu, baba watoto. Basi."

Shemeji akanitazama mimi. "Hiyo kilo moja na nusu iko wapi?"

"Nimeifagia."

Nilikuwa na hakika tumemmaliza, kwamba kiapo kimemfunga na gitaa halitalia tena. Akaigeuza kadi, akaiangalia nyuma, akaigeuza tena.

"Mama watoto," akasema, "hapa hujaandika tarehe ya kurudi."

"Kurudi wapi?"

"Kliniki. Mtoto hawezi kukaa na shingo nzito namna hii." Akavaa mkanda upya na kuwasha spika. "Mwiteni huyo wa dramu arudi ndani."