Nyasi za Matanga

Kezia aliingiza mzigo wa nyasi mbichi katika nyumba ya marehemu Pastory, pale Kishanda, akazitandaza sakafuni juu ya zile zilizokwisha kunyauka. Wanawake waliokaa matangani walisogea kumpisha. Wote walikuwa wajane. Tangu vita vya Amini viishe, ugonjwa ule wa kukondesha ulikuwa umewapukutisha waume zao mmoja baada ya mwingine.

Kwa desturi, nyasi za matanga zikisha kufagiwa, ukoo humtangaza mrithi wa kibanja, yaani nyumba na shamba lake la migomba, na mjane asiye na mtoto wa kiume hufunga mzigo wake akarudi kwao. Kezia, aliyewahi kufundisha elimu ya watu wazima, alikuwa amewashauri wenzake jambo moja jepesi: nyasi zisifagiwe. Kikundi chao cha wajane kilikuwa kimenyimwa usajili, na kukutana bila kibali lilikuwa kosa. Lakini nani aliwahi kuomba kibali cha kulia?

Ephrasia, mwenye msiba, alikuwa ameegemea nguzo, ubavu wake umebabuka kwa malengelenge ya mkanda wa jeshi. "Mwanangu amezikwa hapo nyuma, pembeni ya baba yake," alisema. "Kwetu amebaki nani wa kunipokea?"

"Hutoki," Kezia alimjibu.

Mchana alifika Mushumbusi, katibu kata, pamoja na mgambo wawili na Byabato, mdogo wake marehemu. Byabato alichungulia mlangoni, pua ameifunika kwa kiganja.

"Haya ni matanga au kambi? Kaka yangu amekwisha kuoza, ninyi bado mnalia!"

"Wewe ulilia lini, shemeji?" Klaudia, mmoja wa wajane, alimuuliza. "Siku ya mazishi si ulikuwa unapima kibanja kwa hatua?"

Wanawake waliangua kicheko. Mushumbusi hakucheka. Alikalia kiti cha marehemu, akaendelea kutafuna senene aliowashika kiganjani.

"Kikundi chenu kinaitwaje, Mwalimu?"

"Hatuna kikundi, waitu, mheshimiwa. Tuna msiba."

"Nasikia mnafundishana sheria."

"Tunafarijiana."

"Kwa ibara za Katiba?" Alitoa bawa la senene katikati ya meno, akalipangusa kwenye mkono wa kiti. "Sasa sikilizeni. Kuna kipindupindu katika kata hii. Mikusanyiko yote ya misiba ni marufuku."

"Kimeanza lini?"

"Kimeanza nilipotangaza."

Mgambo waliingia na mafagio. Walizoa nyasi, mbichi kwa kavu, wakazitupa uani huku wanawake wakinyanyua miguu. Ephrasia alikumbatia nguzo mpaka mgambo mmoja alipombandua vidole. Nje, vijana wa Byabato walikuwa wameshaangusha mikungu ya ndizi, na mbuzi alikuwa ananing'inia, nusu amechunwa. Matayarisho hayo hayakuwa ya asubuhi ile.

Wanawake walikusanya kanga zao waondoke.

"Mnakwenda wapi?" Mushumbusi aliuliza. "Wageni watapikiwa na nani?"

"Umepiga marufuku mkusanyiko," Kezia alisema.

"Wa msiba. Hii ni sherehe ya kumsimika mrithi. Hii ina kibali."

Byabato aliwamwagia visu chini, mbele ya miguu yao. "Atakayemenya vizuri," alisema, akimtazama Ephrasia, "huenda nikamwachia kibanda cha mbuzi mpaka mvua zipite."

Ephrasia ndiye aliyeinama wa kwanza. Aliokota kisu, akaketi kando ya mkungu, akaanza kumenya. Klaudia alimfuata, kisha wengine. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kezia pekee alibaki wima.

"Kaa, Mwalimu," Ephrasia alinong'ona bila kuinua uso. "Wakikuona umesimama, watadhani tunafanya mkutano."

Kezia aliketi. Utomvu ulianza kumganda vidoleni. Ndani ya nyumba, Mushumbusi alipaza sauti akiagiza ndizi zake ziive mpaka zilainike kabisa, kwani tumbo lilikuwa linamsumbua.