Naibu wa Nyuma ya Pazia

Mwanaima alikuwa amezamisha mikono hadi viwiko katika birika la shuka za hoteli, sabuni ikimchoma penye michubuko, Kalama aliposimama mlangoni. Kalama ndiye msimamizi wa madobi pale Diani, mtu wa maneno machache na sauti kubwa.

"Siku ya Jamhuri vyumba vyote vimejaa," akasema. "Hakuna ruhusa. Wa kuugua na augue kesho yake."

Alipokwisha kwenda, Kadzo, mwenzake aliyekuwa akikamua taula, akacheka chini chini. "Na wewe ndiyo siku yako ya kuugua."

"Sijakubali bado," akajibu Mwanaima.

Jana yake Waziri, fundi cherehani wa Mwabungo, alikuja nyumbani kwake kumtaka aingie katika kikundi chake cha maigizo. Kila Jamhuri kikundi hicho huigiza uwanjani mbele ya D.O., mkuu wa tarafa, na mwaka huu kilitaka kuigiza habari ya bomba. Serikali ilileta bomba moja la maji matamu, ufunguo akapewa Naibu wa Chifu, Mwinyihaji. Naibu hulifungua asubuhi, na alasiri, mchicha wake ukishashiba, hulitia kufuli. Mwanaima huondoka alfajiri na kurudi magharibi. Tangu lije bomba lile hajalijua ila kwa kufuli lake. Mchana kutwa alikuwa akimwaga maji matamu ya hoteli. Jioni alipikia maji ya chumvi ya kisimani.

"Wanaume wote wanaogopa kuwa naibu," Waziri alimwambia. "Na mke wangu anasema wewe unamwiga harusini hata watu wanashikana mbavu."

Mwanaima alikunja uso. Ni kweli, wanawake wakishateremsha pazia, yeye huvaa kanzu na koti akawa naibu. Lakini mambo ya nyuma ya pazia hayatolewi nje.

"Mkeo ana ulimi mrefu. Na kazi yangu je? Naibu ndiye aliyeniombea kwa Kalama. Akituma neno moja tu, keshokutwa nauza mhogo barabarani. Tena mazoezi niyafanye saa ngapi, nami nikirudi sina hata mgongo wa kuinama?"

"Sikulazimishi, dada. Fikiri tu."

Bi Khamisa, mamake, alikuwa amesikia yote. "Mbele ya wanaume, mwanangu?"

"Nitakuwa ndani ya kanzu, mama."

"Kanzu haifichi sauti."

"Sauti nayo haitakuwa yangu."

Bi Khamisa akageuza uso asionekane akicheka. Hata hivyo Mwanaima alilala bila kuamua, na siku ile nzima akafua bila kuamua.

Jioni alipitia bombani na debe lake. Siku hiyo naibu alikuwa amechelewa, ndiyo kwanza anabana kufuli.

"Shikamoo, naibu. Debe moja tu. Mama ameamka na homa, maji ya chumvi yanamtapisha."

"Marahaba. Kazi nimekupa mimi, na maji pia nikupe mimi?" Akapandisha mikono ya koti lake kama kawaida yake, akakohoa mara mbili. "Serikali imesikia."

Akatia ufunguo mfukoni, akaenda zake. Mwanaima hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Waziri, akatua debe tupu miguuni pake.

"Nipimie kanzu," akasema.

Mazoezi aliyafanyia kazini. Alipiga pasi kwa mikono ya naibu, akakunja shuka kwa kikohozi cha naibu, na Kadzo mara mbili aliunguza foronya kwa kucheka. Ilipofika Jamhuri, saa sita mchana, Kadzo akamnyang'anya furushi la shuka. "Nenda. Nitafua mimi. Kalama akiuliza, naibu amekuita. Si uongo."

Uwanja ulijaa. D.O. alikaa mbele, kulia kwake naibu, na nyuma yao kwenye viti Mwanafatuma, mke wa naibu, pamoja na wake wa wakubwa. Mwanaima akatoka na masharubu ya masizi, kufuli kubwa likining'inia kiunoni. Waziri, amejitanda leso, akamwangukia kumwomba maji. Mwanaima akapandisha mikono ya koti. Akakohoa mara mbili.

"Serikali imesikia."

Nyuma ya pazia, hapo ndipo wanawake wote hujibu. Lakini hapa palikuwa na waume zao, na hakuna aliyefunua mdomo. Mwanaima aliona naibu anamkazia macho, akaiona kazi yake inaondoka. Akakohoa tena.

"Serikali imesikia."

"Itajibu lini?"

Sauti ilitoka kwenye viti vya wakubwa. Mwanafatuma alikuwa ameitikia kwa mazoea, kama alivyoitikia harusi zote, na sasa amejiziba mdomo kwa buibui. Lakini ilikuwa imeshatoka, na uwanja mzima wa wanawake ukaifuata. "Itajibu lini?" Wanaume wakawageukia wake zao, wakafahamu kwamba kicheko hiki kina miaka. D.O. alicheka hadi akavua miwani, akasema bomba lifunguliwe hadi isha, akapanda gari lake, akaondoka. Ufunguo hakuuliza abaki nao nani.

Kesho yake Kalama alimkata Mwanaima mshahara wa siku nzima, ingawa shuka zake zote zilikuwa zimefuliwa. Kumfukuza hakumfukuza. Naibu hakutuma neno, maana angeanza vipi kueleza alichofanyiwa?

Magharibi Mwanaima akajipanga bombani, nyuma ya wanawake wengine, kufuli likiwa bado limebanwa. Naibu akaja, akatazama ule mstari, akaona jua limekwisha kuzama. Akapandisha mikono ya koti, akakohoa mara mbili.

"Serikali..."

Mstari mzima ukamgeukia, kwa adabu, ukingoja amalize.

Naibu akatoa ufunguo, akafungua kufuli, na Mwanaima akapeleka mbele debe lake.