Sindano Tupu

Mimba tatu zilikuwa zimeharibika, na mama mkwe hakuona haya kumwita mke wa mwanawe "kaburi" mbele ya wageni. Ya nne ilipoingia, daktari mmoja akapima damu na kugundua ugonjwa wa nadra: damu yake iliganda upesi mno, mabonge madogo yakaziba kondo la nyuma, na mtoto akakosa chakula. Dawa ilikuwa sindano ya kuzuia damu kuganda, ya tumboni, kila jioni. Kuiruka ni kucheza na maisha ya mtoto.

Yeye na sindano walikuwa paka na panya, kwa hiyo alifumba macho akageukia ukutani, na mumewe, fundi friji mwenye mkono mtulivu, akamchoma. Dawa iliwasha kama pilipili. Tumbo likavilia damu huku na huku.

Mama mkwe alipokuja kukaa nao na kuliona tumbo hilo, alisonya. "Kwa sindano hizi mnamgeuza mjukuu wangu maji."

Haikupita muda, dawa ikaacha kuwasha. Alama zikafifia.

"Mkono umezoea, mke wangu," mumewe alisema, na yeye, masikini, akamsifia kwa dada zake.

Jioni moja kichefuchefu kilimkimbiza chooni baada tu ya kuchomwa. Akasukuma mlango. Mumewe alikuwa ameinama, bomba la sindano mkononi, anamimina dawa yote kwenye shimo la choo.

"Tangu lini?"

"Tangu mama aje. Alisema..."

Hakumsikiliza. Alitapika pale pale, na si kwa sababu ya mimba. Mwanamume mzima na ndevu zake, kila jioni anamdunga mkewe sindano bila kusukuma dawa, kisha anampa pole!

Asubuhi, kliniki, daktari alipitisha mashine tumboni, akairudisha tena. Hatimaye mapigo yakasikika.

"Yupo. Ila ni mdogo kuliko umri wake. Dawa irudi leo hii."

Mume akalia machozi, akamwekea mkono tumboni. "Nilijua Mungu hatatuacha."

Mkewe aliuona mkono ule ukamtia kinyaa. Akauondoa kwa vidole viwili.

"Nifundishe kujichoma mwenyewe," akamwambia daktari. Akajichoma macho makavu, akasukuma mpaka tone la mwisho.

Nje, mumewe akamfuata na mkoba wake. "Jioni nikusaidie nini?"

"Msaidie mama yako kufunga mizigo. Halafu funga na yako."