Chelezo cha Kandambili

Mvua za mwanzo zilipoanza nilienda mtoni kwetu, kule chini ya Rungwe Mpya, mara kumi na moja, na mara kumi na moja nilirudi na ndoo tupu. Sijaongeza. Kila nikirudi nilikuwa naweka kokoto moja dirishani, ndiyo maana najua.

Kwetu kila anayevua kwa ndoano ana mahali pake ukingoni, na mahali pasipotoa samaki mwaka mzima wavuvi humpa mtu mwingine. Mume wangu Bazilio alifariki mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Siku ya kumaliza matanga vitu vyake viligawanywa. Baiskeli ilikwenda kwa mjomba wake, koti la mvua kwa mdogo wake Niyibizi, jembe kubwa sijui lilikwenda kwa nani. Nilikaa mkekani nikaangalia vitu vinatoka mlangoni, nikawa kama naangalia vya nyumba ya jirani. Machozi hayakutoka, na watu waliliona hilo. Fito zake mbili za kuvulia hakuna aliyeziomba, zikabaki darini.

Mwezi wa tisa shemeji Niyibizi alikuja, akasema kwa adabu kwamba mwanamke havui kwa ndoano, basi yeye atachukua mahali pa kaka yake. Nikasema hapana. Nilisema kabla sijajua kama nasema. Akaniangalia, kisha akasema sawa, lakini ikifika misa ya mwaka na pale hapajatoka hata samaki mmoja, patakuwa pake, na tusisumbuane tena. Misa ilipangwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja.

Mtu angeniuliza nilipatakia nini, ningemwambia kitoweo, na ingekuwa kweli, maana maharage kila siku yanachosha. Lakini pia watu wakipita pale walikuwa bado wanasema "kwa Bazilio". Nyumbani walishaanza kusema "kwa mjane".

Mahali penyewe nilikuwa napajua. Ndivyo nilivyodhani. Miaka ishirini na sita nilimpelekea chakula pale mtoni, nikamkuta amekaa juu ya jiwe moja refu, mbele yake maji meusi yenye kina, ufito mrefu mkononi. Basi nami nikakaa juu ya jiwe hilohilo, nikashika ufito huohuo, nikatia nyungunyungu kwenye ndoano, nikasali rozari. Mafungu yote matano yalikwisha na chelezo pale juu ya maji hakijatikisika.

Jirani yangu Epifania alikuwa akipita kuchota maji ananikuta palepale. Siku moja alitua ndoo yake akachungulia ndani ya yangu.

"Mama Immakulata, hao samaki umewasalisha mpaka wamekwenda kuungama."

Nilicheka kwa mdomo. Yeye akaenda zake na maji.

Jumanne ya wiki ile ya misa, mshipi wa ufito mrefu ulinasa kwenye mzizi ukakatika. Nikarudi nyumbani kuuteremsha ule mfupi. Ule nilikuwa nimeushika mara moja tu, mwezi wa tisa. Chelezo chake, kipande cha kandambili ya bluu, kilikuwa karibu sana na ndoano, kama shubiri moja na nusu. Siku hiyo nilidhani kimeteleza. Nikakifungua, nikakipandisha juu kama kile cha ufito mrefu, nikaona nimetengeneza.

Sasa nilipoupitisha mshipi mkononi niliona kitu. Ulikuwa umekuwa mweusi kwa uzee kila mahali, isipokuwa alama moja nyeupe, upana wa kile kipande cha kandambili, shubiri moja na nusu kutoka kwenye ndoano. Fundo lilikuwa limekaa pale miaka. Halikuteleza.

Nilikaa chini, mshipi mapajani. Ndoano iliyo shubiri moja na nusu chini ya chelezo ni ya maji ya kufika katikati ya muundi. Pale kwenye jiwe maji yanamfunika mtu mzima. Nikajiuliza Bazilio alikuwa anavua wapi maji ya muundi, na mimi sijamwona. Ndipo nikakumbuka kwamba chakula nilimpelekea kiangazi. Mvua zikianza nilikuwa shambani tangu kunapambazuka, napanda mahindi na maharage, na yeye alikuwa anaondoka na muhogo wa kuchoma mfukoni. Miaka ishirini na sita, na sikumwona hata siku moja akivua wakati wa mvua. Nilikuwa nakaa kwa uaminifu kabisa mahali ambapo yeye asingekaa.

Nilikirudisha chelezo kwenye alama.

Jumatano asubuhi nilipita jiwe, nikafuata ukingo mpaka pale mto ulipomwagikia majanini. Sikutia ndoano. Nilisimama tu nikaangalia, kama ninavyoangalia chungu cha maharage. Baadaye majani yalitikisika, na upepo haukuwepo. Yakatikisika tena, mbele kidogo. Kambare walikuwa wametoka kwenye kina wakaja kutaga kwenye maji mapya. Kumbikumbi walikuwa wametoka usiku ule, mabawa yao yamejaa juu ya maji. Nikaokota mmoja, nikamtia kwenye ndoano, nikaingia majini mpaka muundini.

Chelezo kilizama mara tatu siku ile, na mara tatu nilivuta palepale nikapata ndoano tupu. Alhamisi niligundua kwamba jua la asubuhi linatupa kivuli changu juu ya majani, nikahamia upande wa pili. Mmoja alikula, nikavuta, nikamwona mgongo wake mweusi, akachomoka. Kambare anaonja kwanza. Mimi nilikuwa namnyang'anya kabla hajameza. Basi nikaamua kwamba chelezo kikizama nasali Salamu Maria moja mpaka mwisho, ndipo navuta. Mungu anisamehe, haikuwa ibada. Ilikuwa saa.

Ijumaa, siku ya mwisho, shemeji Niyibizi alikuja. Alisimama pakavu nyuma yangu na lile koti la mvua la Bazilio, mikono yake imemzidi. Tukasalimiana, mwakeye, mwakeye.

"Umepaona," akasema.

Nilimwuliza kama alikuwa anapajua. Alisema wote wanapajua, mvua zikianza kaka yake alikuwa haonekani kwenye jiwe. Nikamwuliza basi ilikuwaje akapita nyuma yangu siku zote zile asiniambie. Alijikuna shingo.

"Nilikuwa napataka, shemeji. Nikinyamaza, napapata."

Sikuwa hata na hasira ya kumpa. Chelezo kilizama.

"Vuta," akasema.

Sikuvuta. Nilikuwa ndiyo kwanza naanza.

"Shemeji, vuta, atakuacha."

Nilifika kwenye utuombee sisi wakosefu, nikasema yote mpaka amina, nikavuta. Ufito ulijikunja. Kambare alitoka urefu wa mkono mpaka kiwiko, nikamrusha ukingoni, akachomoka kwenye ndoano akaanza kujipindapinda kurudi majini. Nilikuwa mbali, miguu imezama kwenye tope. Niyibizi ndiye aliyekuwa karibu. Alimwangalia. Naapa alimwangalia, na mimi nilimwona akimwangalia. Kisha akamwangukia na koti.

Alimleta kwenye ndoo mwenyewe, tope mpaka kidevuni.

"Ametoka kwa Bazilio," akasema. "Nitawaambia wenzangu."

Kisha akatazama miguu yangu majini, akaniuliza kama sisikii baridi. Nikamwambia sijui.

Jumamosi baada ya misa tulimpika na nyanya na chumvi, kila mtu akapata kipande kidogo. Niyibizi aliwaambia ametoka wapi. Epifania akauliza kama kambare huyo alikuwa ameshaungama, watu wakacheka. Mimi nilikuwa naangalia masufuria yasiungue. Sikulia.

Jumatatu niliamka mapema nikachukua ufito mfupi. Majani yalikuwa yanatikisika. Nilivua ndala, nikatia mguu majini, nikautoa haraka.

Maji yalikuwa baridi sana. Nilisimama ukingoni nimeshika ufito, nikaangalia mguu wangu, halafu nikaingia.